Kihisi Mwendo Kinapowaka Bila Mtu: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Hitilafu

Malalamiko kuhusu vihisi mwendo ni mawili tu: ama mtu anapita na taa haiwaki, ama taa inawaka na hakuna mtu. Anayekutwa na tatizo hili mara nyingi hukimbilia Kariakoo kununua kihisi kingine, akakifunga kwa nyaya zilezile, kwenye adapta ileile na ukuta uleule, kisha akashangaa kuona kipya nacho kina tabia ya cha zamani. Vihisi vibovu vipo, hasa vya bei ya chini, lakini vinavyotupwa vikiwa vizima ni vingi zaidi. Mwongozo huu unaeleza namna ya kutafuta hitilafu kwa mpangilio, ukianzia kwenye kihisi chenyewe na kwenda nje: umeme unaokilisha, bodi inayokisoma, mzigo kinaouwasha (kama taa au king'ora), na mahali kilipofungwa. Nimechukua kihisi cha HC-SR501 kuwa mfano kwa kuwa ndicho kinachopatikana kwa urahisi Dar es Salaam na ndicho wanafunzi wengi huanza nacho, lakini sehemu kubwa ya maelezo inavihusu vihisi vyote vya aina hiyo.

Vifaa vinavyohitajika ni multimita ya kawaida, bisibisi ndogo, kishikio cha betri nne za AA, kapasita (kifaa kidogo kinachotunza chaji ya umeme) ya maikrofaradi 100 au zaidi, kipande cha karatasi ya aluminiamu ya kufungia chakula, na kikopo kidogo cha karatasi ngumu. Hivi viwili vya mwisho vinaonekana havina maana kwenye meza ya elektroniki, lakini ndivyo vitakavyofanya kazi kubwa kuliko vyote.

Kihisi kinaona nini hasa

Asiyejua kinachoonwa na kihisi hawezi kujua kwa nini hakioni, kwa hiyo inafaa kukaa hapa kidogo. Kihisi cha aina hii hakitoi miale yoyote. Kinapokea miale ya infraredi ambayo kila kitu chenye joto huitoa, na kimetengenezwa kiwe chepesi kwa miale ya mawimbi ya takriban maikromita 8 hadi 14, ambamo ndimo joto la mwili wa binadamu linamoangukia. Ndani yake mna vipande viwili vya kuhisi vilivyounganishwa kwa kupingana. Joto likiongezeka sawasawa kwa vipande vyote viwili, ishara zao zinafutana na hakuna kinachotokea. Mtu akikatiza mbele yake, kipande kimoja kinamwona kabla ya kingine, na tofauti hiyo ndiyo inayokuzwa na saketi mara maelfu mpaka iwe ishara inayotosha kuwasha kitu. Kuba jeupe la plastiki lililo juu ni lenzi inayoligawa eneo la mbele kuwa vipande vipande, ili mtu anapotembea awe anaingia na kutoka kwenye vipande hivyo mfululizo.

Kutokana na maelezo hayo machache, mambo manne yanafuata. Mtu aliyetulia haonekani, hata akiwa mbele ya kihisi. Mtu anayekuja moja kwa moja kukielekea anaonekana kwa shida kuliko anayekatiza mbele yake. Mtu ambaye ngozi na nguo zake zina joto karibu sawa na ukuta ulio nyuma yake anaonekana kwa shida zaidi, na kwa mji kama wetu jambo hili ni zito, nitalirudia. La nne ni kwamba kioo cha kawaida cha dirisha hakipitishi miale hiyo, wala plastiki ngumu inayong'aa haiipitishi, kwa hiyo anayekifungia kihisi ndani ya kisanduku kizuri chenye uso wa kioo ili kisilowe amekifumba macho. Lenzi imetengenezwa kwa polithini kwa sababu plastiki hiyo, ikiwa nyembamba, hupitisha miale inayotakiwa.

Hatua ya kwanza: kipime kihisi kikiwa peke yake

Ondoa kila kitu. Ondoa bodi ya Arduino (kompyuta ndogo inayopandishiwa programu), rilei (swichi inayovutwa kwa umeme mdogo), king'ora, na hata bredibodi (ubao wa matundu wa kuchomekea nyaya bila kulehemu), kwa sababu matundu ya bredibodi iliyotumika sana hulegea na kuachia waya bila kuonekana kwa macho.

Vuta lenzi taratibu uitoe, usome maandishi yaliyo kando ya pini tatu: VCC (umeme chanya unaoingia), OUT (ishara inayotoka) na GND (upande hasi). Usiamini picha uliyoiona mtandaoni, wala usiamini kwamba kihisi ulichonunua leo kina mpangilio sawa na cha mwaka jana, kwa kuwa watengenezaji ni wengi na wapo walioibadilisha nafasi ya VCC na GND. OUT kwa kawaida hukaa katikati. Usikiguse kwa kidole kidirisha cheusi cha kile kikopo kidogo cha chuma kilicho chini ya lenzi, maana mafuta ya ngozi hupunguza kinachopita. Kikishachafuka, kifute kwa pamba yenye spiriti kidogo kisha urudishe lenzi mpaka vishikio vyake viingie vyote. Lenzi iliyokaa upande, au isiyokuwepo kabisa, inakifanya kihisi kione mita moja badala ya saba, na mwenye nacho akadhani kimekufa.

Unganisha betri nne mpya za AA, yaani volti 6 hivi, kwenye VCC na GND. Usitumie pawabenki kwa kipimo hiki. Kihisi kinavuta umeme mdogo sana, chini ya miliampia moja, na pawabenki nyingi zikiona mzigo mdogo namna hiyo hudhani simu imeshajaa zikajizima zenyewe baada ya muda mfupi. Utahangaika na kihisi kumbe kilikatiwa umeme.

Sasa ngoja dakika nzima. Kihisi kinapowashwa huanza kwa kuyazoea mazingira yake, na katika sekunde 30 hadi 60 za mwanzo pini ya OUT inaweza kupanda na kushuka mara kadhaa bila sababu yoyote. Lolote utakaloliona katika dakika hiyo usilihesabu. Ikishapita, weka multimita kwenye volti za DC, waya mweusi kwenye GND na mwekundu kwenye OUT, kisha ukae kimya bila kusogea. Inatakiwa usome karibu na 0. Punga mkono mbele ya lenzi: usomaji unatakiwa urukie kwenye volti 3.3 hivi, ukae hapo kwa sekunde chache au zaidi, na kurudi 0. Kikifanya hivyo mara kwa mara, kihisi chako ni kizima, na hitilafu iko kwingine. Kisipopanda kabisa, na VCC umeipima ukaona volti 6, na lenzi iko mahali pake, basi hiki ndicho kihisi kibovu na hakuna haja ya kukipotezea mchana.

Ikiwa kinapanda lakini hakirudi chini, usikihukumu bado. Soma hatua inayofuata.

Hatua ya pili: vinobu viwili na kile kidaraja

HC-SR501 ina vinobu viwili vya rangi ya chungwa vinavyozungushwa kwa bisibisi. Kimoja hupanga umbali wa kuona, kati ya mita 3 na 7 hivi. Kingine hupanga muda ambao OUT inabaki juu baada ya kumwona mtu, kuanzia sekunde chache hadi dakika 5. Kihisi kikitoka dukani kinobu cha muda kikiwa kimezungushwa mwisho wake, ukipunga mkono mara moja OUT itakaa juu dakika tano, na ukisogea tena ndani ya dakika hizo hesabu inaanza upya. Mtu anayejaribu mezani, akiwa anasogea muda wote, ataapa kwamba kihisi kimeganda.

Kwa majaribio yote yanayofuata, weka muda uwe mfupi kabisa na umbali uwe wa katikati. Mwelekeo wa kuzungusha hutofautiana bodi hadi bodi, kwa hiyo zungusha upande mmoja, pima kwa saa, na uandike kwa kalamu ya wino upande upi unaongeza. Zungusha kwa upole. Vinobu hivi vina mwisho wake, na anayelazimisha huvivunja kwa ndani pasipo kuonekana nje.

Kwenye pembe ya bodi kuna kidaraja kidogo cha plastiki kinachohamishika kati ya alama H na L. Kikiwa H, kila mwendo mpya unaongeza muda, na OUT inabaki juu maadamu kuna mtu anayesogea. Kikiwa L, OUT inapanda, inakaa muda uliopangwa, inashuka hata kama mtu bado yupo, kisha kihisi kinakuwa kipofu kwa sekunde mbili na nusu hivi kabla ya kuanza tena. Kwa taa ya korido au ya chooni, H ndiyo inayofaa, na anayelalamika kwamba taa inamzimikia akiwa bado anatembea aangalie hapa kwanza. Kule kupofuka kwa sekunde chache kupo katika hali zote mbili na hakutibiki kwa kinobu chochote, kwa kuwa ndivyo IC (chipu inayoisoma ishara) ya BISS0001 na vipande vilivyoizunguka kwenye bodi vilivyopangwa.

Hatua ya tatu: umeme unaokilisha

Kihisi hiki kinataka kati ya volti 4.5 na 20. Kosa linaloonekana kila siku ni kukilisha kutoka pini ya 3.3V ya bodi, au kutoka seli moja ya lithiamu ya 18650, ambayo hata ikijaa kabisa haivuki volti 4.2. Kihisi kinachonyimwa umeme namna hii mara nyingi hakizimi kabisa. Kinafanya kazi nusunusu, kinaona wakati mmoja kisione wakati mwingine, au kinawaka chenyewe kila baada ya sekunde kadhaa. Ukilazimika kutumia volti 3.3 au seli moja, tafuta AM312, kihisi kidogo kinachokubali kuanzia volti 2.7 ingawa kinaona umbali mfupi zaidi na hakina vinobu.

Adapta nayo ina makosa yake. Chaja za simu za bei rahisi zinazouzwa barabarani hutoa volti 5 zilizojaa mtetemo, yaani zinazopanda na kushuka kidogokidogo, na saketi inayokuza ishara mara maelfu hukuza na mtetemo huo pia. Namna ya kulithibitisha hili ni rahisi: kihisi kikiwa kimetulia kwenye betri kwa muda mrefu, kisha kikaanza kujiwasha ukikihamishia kwenye adapta, mkosaji umeshampata. Dawa yake ni kapasita ya maikrofaradi 100 hadi 470 kati ya VCC na GND, ikiwa karibu na kihisi na si karibu na adapta, mguu wake wenye alama ya kutoa ukiwa GND. Kama haitoshi, pitisha VCC kwenye rezista (kizuizi cha umeme) ya omu 220 kabla ya kapasita hiyo. Kwa kuwa kihisi kinavuta umeme kidogo mno, rezista haitapunguza volti kwa kiasi cha kuhesabika, lakini mtetemo utachujwa vizuri.

Friji likiwa kwenye soketi moja na adapta, sikiliza. Kihisi kikiwaka sekunde ileile kompresa inapoanza kunguruma, huhitaji kipimo kingine.

Hatua ya nne: bodi na programu

Unganisha sasa bodi peke yake, bila rilei wala mzigo wowote, na upandishe programu fupi isiyofanya chochote ila kuandika saa ambayo hali ya kihisi imebadilika:

const int KIHISI = 2;
const int TAA = 13;
int haliYaZamani = LOW;

void setup() {
  pinMode(KIHISI, INPUT);
  pinMode(TAA, OUTPUT);
  Serial.begin(9600);
  delay(60000);
  Serial.println("Kihisi kiko tayari");
}

void loop() {
  int hali = digitalRead(KIHISI);
  digitalWrite(TAA, hali);
  if (hali != haliYaZamani) {
    Serial.print(millis() / 1000);
    Serial.println(hali == HIGH ? " s: kimewaka" : " s: kimezima");
    haliYaZamani = hali;
  }
}

Ile dakika moja ya kusubiri mwanzoni usiifute ukihamia kwenye programu yako halisi. Umeme unapokatika na kurudi saa nane za usiku, kila kihisi ndani ya nyumba huanza upya, na king'ora kisichojua kusubiri huwaamsha wote pamoja na majirani. Yakitokea hayo mara mbili, wenye nyumba wataung'oa mradi mzima na hawatataka kusikia habari zake. Kumbuka pia kwamba ukifungua dirisha la Serial Monitor, ambalo kwenye kompyuta huonyesha maandishi yanayotoka kwenye bodi, Arduino Uno hujiwasha upya, na dakika yako inaanza kuhesabiwa tangu hapo.

Iache programu ifanye kazi kwa saa moja au mbili chumba kikiwa kitupu, kisha urudi usome orodha, ukiangalia zaidi mpangilio wa saa kuliko idadi ya mistari. Ikiwa kihisi kinawaka kwa vipindi vinavyolingana, tuseme kila baada ya sekunde 8, na kila mara kinakaa muda uleule, hakuna mjusi wala upepo wenye nidhamu ya namna hiyo: hitilafu ni ya umeme. Vipindi vikiwa vya ovyo, vingi saa fulani na vichache saa nyingine, chunguza mazingira.

Mistari ikifurika, kumi au ishirini kwa sekunde, basi pini haisomi kihisi kabisa. Waya wa OUT umekatika au umelegea, na pini iliyobaki hewani inaokota mvumo wa umeme wa nyumba wa hezi 50. Badilisha waya kwanza. Kwa usalama wa baadaye unaweza kuweka rezista ya kiloomu 100 kati ya pini hiyo na GND. Usiweke ndogo kuliko hapo kwa uzembe, na sababu yake ni hesabu: Arduino Uno yenye volti 5 inahakikishiwa kusoma HIGH (yaani "juu") kuanzia asilimia 60 ya volti zake, yaani volti 3.0, wakati kihisi kinatoa 3.3 tu. Nafasi iliyobaki ni nyembamba, na kitu chochote kinachoivuta OUT chini kidogo, iwe rezista ndogo au taa ya LED iliyofungwa hapohapo, kinaweza kuifanya bodi isione kitu ambacho multimita inakiona. Bodi za ESP8266 na ESP32, zenye Wi-Fi ndani yake, hazina shida hii kwa kuwa zenyewe ni za volti 3.3.

Zina shida nyingine. Zinaporusha mawimbi ya Wi-Fi huvuta umeme kwa ghafla, mamia ya miliampia kwa muda mfupi mno, na mawimbi yenyewe huingia kwenye saketi ya kihisi kilicho karibu. Dalili yake ni kihisi kinachowaka kila bodi inapotuma taarifa kwenye mtandao, kisha taarifa hiyo inakuwa sababu ya kutuma nyingine, na mzunguko haukomi. Zima Wi-Fi kwenye programu kwa muda kwa kutumia WiFi.mode(WIFI_OFF). Kihisi kikitulia, kitenge na bodi kwa waya wa sentimita 20 au 30, kigeuze mgongo kwenye antena, na ukipe kapasita na rezista zilizotajwa hapo juu.

Hatua ya tano: mzigo

Pini ya OUT haina nguvu ya kuendesha rilei. Wapo wanaoiunganisha moja kwa moja, rilei ikatetemeka au isivute, na lawama ikaenda kwa kihisi. Tumia moduli ya rilei yenye transista yake, au weka transista (swichi ndogo ya kielektroniki) kama 2N2222 yenye rezista ya kiloomu moja kwenye besi, mguu wake unaopokea ishara, na dayodi (kipitisha umeme upande mmoja tu) ya 1N4007 kinyume kwenye koili ya rilei ili kuufyonza umeme unaoruka rilei inapoachia.

Moduli nyingi za rilei huvuta pale pini yake ya kuingizia inaposhushwa chini, si inapopandishwa. Kihisi kikifungwa moja kwa moja kwenye moduli kama hiyo, taa itawaka kukiwa hakuna mtu na kuzima mtu akifika, au rilei isiachie kabisa kwa kuwa volti 3.3 hazitoshi kuizima moduli ya volti 5. Pitisha ishara kwenye bodi, uigeuze kwenye programu.

Kisha kuna tatizo ambalo huwatesa watu kuliko yote katika hatua hii: taa inazima, na sekunde chache baadaye inawaka tena yenyewe, usiku kucha. Sababu zinaweza kuwa mbili. Balbu iliyo ndani ya eneo la kihisi inapozimwa huanza kupoa, na kupoa kwake ni badiliko la joto ambalo kihisi kinaliona sawasawa na mtu. Au rilei inapoachia inatupa mshtuko kwenye nyaya na kihisi kinauhesabu kuwa mwendo. Kuzitenganisha, ichomoe balbu uache rilei ikiendelea kugonga. Mzunguko ukikoma, ulikuwa ni joto, na balbu ihamishwe au kihisi kigeuzwe. Ukiendelea, ni mshtuko: weka dayodi, weka kapasita, ilishe rilei kwa nyaya zake zenyewe kutoka kwenye adapta. Kwa hali zote mbili, ni busara programu isikisikilize kihisi kwa sekunde tano baada ya kuzima taa.

Majaribio haya yote yafanywe kwa taa ya volti 12. Umeme wa nyumba ni volti 230, na mtu asiyeuzoea amwachie fundi umeme sehemu hiyo, saketi ikiwa imezimwa kwenye swichi kuu.

Hatua ya sita: kifunike kihisi macho

Hapa ndipo kile kikopo cha karatasi kinapohitajika. Kihisi kikiwa mahali pake pa kudumu, na kila kitu kimeunganishwa kama kitakavyotumika, kizungushie kikopo karatasi ya aluminiamu kwa nje na ukifunikize juu ya lenzi bila foili kugusa pini yoyote, kisha ungoje dakika mbili tatu joto la ndani litulie. Kihisi sasa hakioni kitu. Kikiendelea kuwaka, kinachokisumbua kinakuja kupitia nyaya au hewani, nawe unarudi hatua ya tatu hadi ya tano. Kikinyamaza kabisa, kila kilichokuwa kinakiwasha kilikuwa ni kitu cha kweli kilicho mbele yake, na kazi iliyobaki ni kukitafuta. Mtu mwenye haraka angeweza kuanza na kipimo hiki kabla ya vingine vyote, na simlaumu. Kinakata tatizo katikati kwa dakika chache bila kugusa waya hata mmoja.

Ili kukitafuta kitu chenyewe, toboa karatasi ya aluminiamu tundu dogo na uiweke mbele ya lenzi, ukilihamisha tundu kushoto, kulia, juu na chini, huku ukisoma orodha kwenye kompyuta. Upande unaokiwasha utajitaja.

Katika nyumba za Dar es Salaam, wanaoshukiwa wanajulikana. Panga boi lenyewe halina joto la kutosha kukisumbua kihisi, lakini linapopeperusha pazia lililopigwa na jua, pazia hilo linakatiza kama mtu. Kiyoyozi kinachopuliza baridi moja kwa moja kwenye lenzi hufanya vivyo hivyo. Mjusi akipita juu ya lenzi yenyewe, ukaribu wake unatosha, ingawa mwili wake hauna joto la kuzidi ukuta. Naye hupenda kuja hasa pale penye taa, kwa kuwa ndiko wadudu waliko. Nje, mlango wazi unaotazama barabara utahesabu kila bodaboda na kila bajaji, kwa sababu injini na eksozi zina joto kuliko mtu yeyote. Kihisi cha nje kiinamishwe kione ardhi ya uwanja wako tu, na sehemu ya lenzi inayotazama barabara izibwe kwa ndani kwa utepe wa aluminiamu.

Malalamiko ya upande wa pili, ya kihisi kisichomwona mtu, kwetu yana saa yake. Chukua mfano wa veranda ya Tabata au Segerea inayotazama magharibi, yenye geti la bati mbele yake. Mwezi wa Februari, saa kumi za alasiri, hewa ina nyuzi 32 na zaidi, geti na ukuta vimepigwa na jua tangu saa saba, na ngozi ya mtu nayo ina nyuzi 33 au 34. Mtu anayepita mbele ya ukuta wenye joto kama lake hana tofauti ya kuonwa. Kuna wakati ukuta unakuwa na joto kumzidi, naye anaonekana kama kitu baridi kinachokatiza, jambo ambalo kihisi kinalikubali. Katikati ya hali hizo mbili kuna muda ambao hakioni, kisha usiku kinarejea kuona mita saba kana kwamba hakikuwa na tatizo. Aliyebadilisha kihisi jioni akakijaribu saa tatu usiku ataamini kwamba kipya ni bora kuliko cha zamani, mpaka kesho yake alasiri.

Kuongeza kinobu cha umbali husaidia kidogo tu, tena huongeza kuwaka ovyo usiku. Kinachosaidia zaidi ni kukihamisha kihisi kitazame upande usiopigwa na jua, au kukifunga ukutani kwa urefu wa mita 2 hadi 2.5 kikiangalia sakafu ya zege iliyo kivulini, na kukiweka pembeni ili watu wakikatize badala ya kukijia uso kwa uso. Korido inayoelekea kwenye kihisi moja kwa moja ni mahali pabaya hata kwenye baridi.

Pale ambapo joto limeshinda kabisa, kama chini ya mabati yasiyo na dari, tumia kihisi cha rada cha RCWL-0516, ambacho hakijali joto kwa kuwa kinarusha mawimbi ya redio na kusikiliza yanavyorudi. Kinakubali volti 4 hadi 28 na kutoa 3.3 kama ndugu yake. Lakini kinaona kupitia mlango wa mbao, dari na hata ukuta mwembamba, kwa hiyo katika nyumba zilizobanana kitamhesabu na mpangaji wa chumba cha pili anayejigeuza kitandani. Usikiweke ndani ya kisanduku cha chuma, usikilaze juu ya bredibodi yenye bati la chini, na usiviweke viwili karibukaribu. Wapo wanaovitumia vyote pamoja, taa ikawaka pale tu vyote viwili vinapokubaliana. Kwa king'ora cha usiku ni mpango mzuri, kwa veranda ya alasiri haufai, maana kile cha joto kikiwa kipofu, cha rada hakitakuwa na wa kukubaliana naye.

Unyevu na chumvi

Kigamboni, Msasani, Mbezi Beach na popote upepo wa bahari unapofika, pini za kihisi hushika kutu ya kijani ndani ya miezi, na wakati wa masika unyevu unaojikusanya ndani ya kisanduku huunganisha njia ambazo hazikutakiwa kuungana. Dalili ni kihisi kinachosumbua alfajiri na kutulia jua likipanda. Safisha bodi kwa spiriti na mswaki laini, iache ikauke vizuri, kisha lehemu nyaya moja kwa moja badala ya kutegemea viunganishi vya kuchomeka. Rangi ya kucha isiyo na rangi, ikipakwa kwenye viungo vilivyolehemiwa tu, hulinda vya kutosha. Isiguse vinobu, wala kikopo cha chuma, wala lenzi. Waya uingie kisanduku kwa chini, ukiwa umeshushwa kidogo kabla ya kupanda ili maji yadondoke kabla ya kulifikia tundu, na tundu hilo lizibwe kwa silikoni, kwa sababu sisimizi hawahitaji upana wa zaidi ya waya wenyewe kuhamia ndani.